Swichi Isiyo na Waya na Ukuta wa Chokaa

Chumba cha mama yangu kiko ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe, Zanzibar. Swichi ya taa iko mlangoni, kitanda kiko upande wa dirisha, na kati yao kuna hatua tisa. Kwa miaka mingi hakuna aliyezihesabu. Macho yalipoanza kumpunguka ndipo hatua hizo zikawa safari: akizima taa mlangoni anarudi kitandani akipapasa ukuta, na akiamka usiku anaupapasa tena. Nikamwita fundi umeme ashushe swichi ya pili karibu na mto. Fundi aliuangalia ukuta, akaugonga kwa kidole, akasikiliza. "Bi Mkubwa," akasema, "nikipiga tindo hapa siwezi kukuahidi itaishia wapi."

Alisema kweli. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake hufika nusu mita, na plasta yake ikishatikiswa humomonyoka hata pale tindo isipofika. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001, lakini hata pasipokuwa na orodha yoyote, ukuta wa aina hii mtu hautindui kwa sababu ya waya mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kuzichunguza swichi zisizo na waya, kwanza kwa ajili ya mama, baadaye kwa nyumba yangu ya matofali Dar es Salaam. Nimezifunga za aina kadhaa, nyingine nimezifungua na kuzirudisha dukani.

Muuzaji huanza na simu. Atakuonyesha jinsi unavyoizima taa ya sebuleni ukiwa kwenye daladala, na atakwambia hiyo ndiyo faida yake. Mimi nimeona faida yenyewe iko kwingine kabisa: swichi inaweza kukaa mahali waya haufiki. Hilo ni jambo kubwa kwa mzee, kwa mgonjwa, kwa mwenye nyumba ya zamani, na kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa hata tundu la msumari. Lakini faida hiyo huja na hatari yake, kwamba taa iliyokuwa ikitegemea waya mmoja sasa inaweza kutegemea betri, mawimbi, bando, na sava iliyoko nchi nyingine. Kazi ya anayenunua ni kuchukua ile faida na kuikataa hatari, na hilo linawezekana ukijua unachonunua.

Maana chini ya jina hilo moja huuzwa vitu vitatu visivyofanana. Kipo kitufe kitupu, kisicho na waya hata mmoja, kinachobandikwa popote na kutuma mawimbi kwa kipokezi kidogo kilichofungwa karibu na taa. Kipokezi ndicho kinachokata na kuunga umeme. Ipo swichi inayoingia ukutani mahali pa ile ya zamani, imeungwa kwa nyaya kama kawaida, ila ndani yake mna redio inayoiwezesha kuamriwa na simu au rimoti. Hii "haina waya" kwa jina tu. Na ipo taa yenyewe yenye redio tumboni, inayotaka umeme saa zote ili isikie amri. Watu hununua ya pili wakidhani ni ya kwanza, wakafika nyumbani wakakuta bado wanamhitaji fundi na tindo.

Hiyo ya pili ndiyo iliyojaa mitaani, na ndiyo inayowatesa mafundi. Nataka niikalie kidogo, kwa sababu nimeyaona mateso hayo kwa karibu.

Tulipofungua boksi la swichi chumbani kwa mama, fundi alizima breka, akalegeza skrubu mbili, akauvuta uso wa swichi taratibu. Nyuma yake zilitoka nyaya mbili tu, moja nyekundu, moja nyeusi. Aliyesoma nusu angesema nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kazi imekwisha. Fundi hakusema neno. Alirudisha breka, akagusa nyekundu kwa ncha ya testa: ikawaka. Akagusa nyeusi: kimya. Akaiwasha swichi, akagusa nyeusi tena: ikawaka. Ule waya mweusi haukuwa nyutro hata kidogo. Ulikuwa ni moto unaopanda kurudi kwenye taa.

Ndivyo zilivyofungwa nyumba nyingi za pwani na bara, kwa utaratibu tuliourithi kwa Waingereza. Moto na nyutro hupita juu darini. Kutoka hapo hushushwa moto peke yake hadi kwenye swichi, na hurudishwa juu ukiwa umekatwa au umeungwa. Nyutro haina kazi kwenye swichi ya kawaida, kwa hiyo hakuna aliyepoteza waya kuishusha. Swichi yenye redio, kinyume chake, ni kifaa kinachoishi: lazima ile umeme hata taa ikiwa imezimwa, la sivyo haisikii chochote. Na umeme hauliwi bila njia ya kwenda na njia ya kurudi. Bila nyutro, njia ya kurudi haipo.

Watengenezaji wamelizunguka tatizo hili kwa kutengeneza swichi "zisizohitaji nyutro". Hizo hupitisha mkondo mdogo sana kupitia taa yenyewe hata ikiwa imezimwa. Zamani za balbu za waya ziwakazo kwa joto, mkondo huo haukuonekana. Taa za LED hazina uvumilivu huo. Ndani yake mna saketi inayokusanya umeme kidogo kidogo, na ukishatosha humweka mara moja na kuanza kukusanya upya; utaona taa iliyozimwa inapepesa usiku kucha kama kimulimuli, au inabaki na mwanga hafifu usiokufa. Dawa yake ni kapasita ndogo, mara nyingi imo ndani ya boksi la swichi, ambayo hufungwa huko juu kwenye taa kati ya moto na nyutro ili mkondo ule mdogo upite kando. Mafundi wengi huitupa pamoja na karatasi ya maelekezo, kisha mteja anarudisha swichi akidai ni mbovu.

Ziko njia nyingine mbili za "kuipata" nyutro ambazo lazima nizitaje, kwa sababu nimeziona zimefanywa na zote ni za hatari. Moja ni kuutumia waya wa ethi kama nyutro. Swichi itafanya kazi, naam, lakini ethi ni njia ya kumwokoa mtu, si ya kupitishia mkondo wa kila siku. Ikikatika mahali fulani, kila chuma kilichoungwa kwenye sehemu hiyo kinaweza kushika umeme. Nyingine ni kuazima nyutro ya soketi iliyo karibu, ambayo ni ya breka nyingine. Siku fundi wa baadaye atakapozima breka ya taa akiamini kila kitu kimekufa, nyutro hiyo ya kuazima itamgusa na mkondo wa soketi. Kama boksi halina nyutro, jibu la halali ni kuileta kwa waya wake, au kupanda juu.

Kupanda juu ndiko tulikofanya kwa mama. Darini, kwenye holda ya taa, moto na nyutro vyote vipo. Kipokezi chenye ukubwa wa kiberiti kilikaa ndani ya boksi la pale pale, na kitufe kikaenda kitandani. Ukuta haukuguswa. Ile swichi ya zamani ya mlangoni fundi aliiacha ikiwa imeunganishwa kwenye kipokezi, hivyo anayeingia chumbani anabonyeza palepale alipozoea. Hilo nililiomba mwenyewe, na ningelisisitiza kwa nyumba yoyote: mgeni asihitaji mafunzo ya kuwasha taa.

Kitufe chenyewe hakina betri. Ukikibonyeza, sumaku ndogo husogea ndani ya koili na kuzalisha umeme wa kutosha kutuma ujumbe mmoja mfupi wa redio, basi. Teknolojia hii ilienezwa na EnOcean, kampuni iliyozaliwa mwaka 2001 kutoka Siemens huko Ujerumani, na sasa vipo vya bei nafuu vinavyofanya kazi kwa mtindo huohuo. Vinahitaji kubonyezwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko swichi ya kawaida na vinalia "tak" kubwa; mtu mwenye vidole vyenye baridi yabisi avijaribu kwanza dukani. Vya betri ni laini zaidi, ila ile betri ndogo ya duara huisha siku usiyoitarajia.

Sasa dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga. Watu wengi huitaka kwa ajili ya uzuri, sebule ya jioni yenye mwanga wa dhahabu. Kwa mama ilikuwa ni haja: taa kali usiku humuumiza macho, na giza humwangusha. Alitaka mwanga wa kuona njia tu.

Kupunguza mwanga ni jambo la zamani. Katika majumba ya maonyesho walikuwa wakitumia vizuizi vya umeme vilivyogeuza ziada yote kuwa joto, vikubwa na vya moto. Mwaka 1959 Joel Spira, Mmarekani aliyekuwa akifanya majaribio katika nyumba yake mjini New York, alitengeneza dima ndogo ya kutosha kuingia katika boksi la swichi, na mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth wakaanzisha kampuni ya Lutron. Siri yake ilikuwa kutouzuia umeme bali kuukata. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una nusu mbili. Dima huifungia taa njia mwanzoni mwa kila nusu, kisha huifungua, mara 100 kwa sekunde. Ikiifungia kwa muda mrefu, mwanga unapungua. Jicho halioni mkatiko huo kwa sababu waya wa balbu ya zamani haukuwahi kupoa katikati.

LED haina waya wa kupoa. Ina saketi inayotarajia umeme kamili, na ikiletewa umeme uliokatwa inababaika: inatetemeka, inavuma, inakataa kushuka chini ya kiasi fulani, au inazimika ghafla na kuwaka tena kwa kishindo. Kwa hiyo dima nzuri na taa isiyokubali dima ni hasara mbili kwa pamoja. Kwenye boksi la taa lazima paandikwe wazi kwamba inapunguzika; pasipoandikwa, chukulia haipunguziki. Kisha uliza dima inakata mwanzo wa wimbi au mwisho wake. Zile za zamani hukata mwanzo, na zilipimwa kwa balbu za wati nyingi. Nyingine haziamki kabisa mpaka zibebe wati 40, wakati taa zako nne za LED za wati 5 zina wati 20 tu. Zinazokata mwisho wa wimbi ni tulivu zaidi kwa LED. Na dima iliyoandikwa wati 400 kwa balbu za zamani usiibebeshe wati 400 za LED, maana LED huvuta mkupuo mkali kila inapofunguliwa njia. Mafundi makini hukadiria sehemu ya kumi tu ya kile kilichoandikwa.

Kwa kusema kweli, baada ya kuhangaika na dima tatu, niliamua kwamba kwa chumba chenye taa moja au mbili, njia iliyo safi ni taa yenye redio inayojipunguza yenyewe kutoka ndani, ikiamriwa na kitufe cha betri. Haimtegemei fundi kulinganisha dima na taa, maana hivyo viwili vimetengenezwa pamoja. Kasoro yake ni moja na haina huruma: mtu akizima swichi ya ukutani, taa imekufa na kitufe hakina wa kumwamrisha. Kwenye nyumba yenye watoto hilo hutokea kila siku mpaka uifunike ile swichi. Na taa hiyo kamwe isiwekwe kwenye saketi yenye dima ukutani. Mmoja atamwua mwenzake.

Feni nayo isifungwe kwenye dima ya taa. Pwani tuna zile feni za darini zenye taa katikati, na kishawishi ni kikubwa. Mota ya feni ikilishwa umeme uliokatwakatwa kwa dima ya taa huvuma na kupata joto. Feni ina regyuleta yake.

Mawimbi hayasomi matangazo. Boksi huandika mita 30 ndani ya nyumba, na nyumba iliyopimiwa pengine ilikuwa na kuta za mbao au jasi. Mawimbi ya waifai ya gigahezi 2.4 huchoka haraka kwenye ukuta mnene, na huchoka zaidi ukuta ukiwa na unyevu, kama kuta za chokaa wakati wa masika. Ya megahezi 433 au 868 yana urefu wa wimbi mkubwa zaidi na hupenya vizuri zaidi. Nyumbani kwa mama, kitufe cha 433 kilipita ukuta mmoja bila shida; waifai ya sebuleni haikufika chumbani kabisa. Mfumo wa Zigbee, ambao nao mara nyingi hutumia gigahezi 2.4, hujiokoa kwa njia nyingine: kila kifaa chenye umeme wa kudumu hupokea ujumbe na kuupitisha kwa jirani yake. Nyumba za mawe zina vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wake uliwekwa na urefu wa boriti za mikoko, karibu mita tatu. Vifaa hukaa karibu karibu, na ujumbe hutembea chumba hadi chumba. Vya betri havipitishi, vinatuma tu.

Ndugu walioko Marekani hutuletea vifaa hivi kama zawadi. Vingi vya huko ni vya volti 120, vyetu ni 230 hadi 240. Boksi lao ni jembamba la kusimama, letu ni la mraba. Na redio zao za Z-Wave, mfumo mwingine wa vifaa vya nyumbani kama Zigbee, ziko kwenye masafa tofauti na za Ulaya, hivyo hata ukipata umeme wake havitazungumza na vingine. Zawadi kutoka Dubai hukaa vizuri zaidi, maana umeme na boksi za huko zinafanana na zetu. Angalia tu kina cha boksi. Lile la zamani la milimita 16 au 25 halina nafasi ya kifaa chenye redio pamoja na nyaya zilizokunjwa, na nyaya zilizobanwa kwa nguvu ndizo zinazoanza moto ukutani.

Tukija kwenye kukatika kwa umeme, hapa ndipo vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya nchi nyingine vinapojulikana. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Tarehe 1 Aprili 2024 ikawa zamu ya Tanzania Bara. Hayo ni makubwa, lakini mtaani umeme hukatika na kurudi bila kuandikwa gazetini. Usiku mmoja Dar es Salaam ulirudi saa nane, na taa zangu zote za redio, vyumbani, barazani, jikoni, zikawaka kwa mwanga kamili kwa pamoja, kwa sababu ndivyo zilivyopangwa kiwandani: umeme ukirudi, waka. Mwanangu wa miezi minne hakulala tena. Mpangilio huo unaweza kubadilishwa ili kifaa kikumbuke hali kilichokuwa nayo, au kibaki kimezimwa. Uutafute kabla ya kununua. Visivyo nao, viache dukani.

Kisha kuna bando. Swichi nyingi za waifai za bei nafuu haziongei na simu yako moja kwa moja hata mkiwa chumba kimoja. Amri inatoka kwenye simu, inakwenda sava iliyoko ng'ambo, inarudi hadi ukutani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Nilikaa sebuleni na simu mkononi nikiiangalia taa iliyo mita mbili kutoka kwangu ikikataa amri, kwa sababu ya waya uliokatika chini ya bahari. Kitufe cha ukutani kiliiwasha, alhamdulillahi. Na sava yenyewe ni mali ya mtu: mwezi Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima zake bila taarifa, na wateja wake wakaamka programu zao za simu zimekufa. Wengine waliokoka kwa sababu vitufe vyao viliendelea kuzungumza na taa bila kupitia kwenye sava.

Hapo ndipo ninapoweka mstari wangu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji azime intaneti ya dukani, kisha awashe taa kwa swichi yake, na kwa simu yake. Mfumo wa Zigbee wenye kituo chake cha nyumbani mara nyingi utafaulu, na vifaa vinavyofuata kanuni ya Matter, iliyotoka Oktoba 2022, vimebuniwa kuzungumza ndani ya nyumba. Kitufe na kipokezi cha 433 havijui hata kama intaneti ipo. Kisichofaulu jaribio hilo kinafaa kwa taa ya mapambo, si kwa taa ya ngazi wala ya chooni.

Gharama ya kuviendesha ni ndogo, ila si sifuri. Swichi inayokula nusu wati saa zote humaliza uniti 4.4 kwa mwaka. Kumi za namna hiyo ni uniti 44, karibu sawa na taa tatu za LED za wati 9 zinazowaka saa tano kila siku. Anayehesabu uniti ajue kwamba hazinunuliwi kwa ajili ya kuokoa umeme.

Na kumbuka kwamba taa iliyozimwa kwa simu haijatengwa na umeme. Swichi nyingine za aina hii hukata kwa transista, zinapitisha umeme kidogo, na yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kuziwasha wakati wewe uko juu ya ngazi na holda mkononi. Anayebadilisha balbu azime breka. Kazi ya kufunga ifanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya.

Kitufe cha mama tulikibandika kwanza ukutani kwa gundi iliyokuja nacho. Asubuhi tulikikuta sakafuni na unga wa chokaa mgongoni. Ukuta ule haushikwi na gundi. Fundi akakifunga kwa skrubu mbili kwenye kibao kidogo, na kibao akakitundika kwa uzi kwenye nguzo ya kitanda, bila kuutoboa mti wa samadari. Usiku ule mama alibonyeza, taa ikawaka, akabonyeza, ikazima, akafanya hivyo mara nyingi. "Nikikihamisha kitanda?" akauliza. Nikamwambia kitamfuata.

Ramadhani nilipokwenda kumtazama, uzi kwenye nguzo ulikuwa mtupu. Kibao nilikikuta upande wa pili wa chumba, kando ya mswala, mahali anapoamka kusali kabla ya daku.